Ahadi Ina Bei: Sancho Panza na sisi wabeba-sakoshi



Kuna kazi moja ambayo wengi wetu tumeifanya, na hakuna hata mmoja anayeiandika kwenye CV yake. Haina mkataba, haina saa ya kufunga, haina siku ya mshahara. Asubuhi unasimama kwenye mlango wa mukubwa. Unapokea sakoshi yake, unashika telefoni zake mbili, unamfungulia gari. Mtu akiuliza, "Uyu naye ni nani?", mukubwa anajibu: "Ni mutoto yangu, ni lisansie, iko na akili sana." Weye unatabasamu. Jioni mukubwa anaingia kwake kula, na weye unarudi kwenu kwa miguu.

Mimi niliifanya kwa miezi 14. Mukubwa wangu simtaji jina, ju si yeye ninayemtafuta leo. Siku ya kwanza aliniambia: "Vumilia, mutoto. Siku nitapata kiti, weye njo utakuwa wa kwanza." Nikavumilia. Katika kuvumilia huko, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba za watu namungojea atoke, nilisoma kitabu kimoja kinene ambacho rafiki aliniazima: Don Quijote wa Miguel de Cervantes, katika Kifaransa. Shuleni walitufundisha sentensi mbili tu juu yake: Don Quijote ni ndoto, Sancho Panza ni tumbo. Mmoja anatazama nyota, mwingine anatazama sahani. Basi, imeisha, andikeni kwenye daftari.

Nasema somo lile lilitudanganya. Kwa mtu anayebeba sakoshi ya mwingine, Sancho ndiye mwalimu wa kitabu kizima. Lakini ili tumuone vizuri, tuanze na kazi yake.

1. Mchukua-ngao ni nani?

Wafaransa wanasema écuyer, Wahispania escudero, Waingereza squire. Yote matatu yametoka katika neno moja la Kilatini, scutum, maana yake ngao. Ni mtu anayemchukulia mwingine ngao. Wasomaji wa Biblia wanamjua ndugu yake wa mbali: yule kijana aliyepanda mwamba nyuma ya Yonathani, mwana wa Sauli, kwenda kuwapiga Wafilisti. Yonathani ana jina. Kijana hana, ameandikwa tu kama mchukua silaha. Tangu hapo mambo yalianza vile.

Katika Ulaya ya zamani kazi hii ilikuwa masomo. Mtoto wa ukoo mkubwa alipelekwa akiwa na miaka kama 7 kukaa katika nyumba ya bwana mwingine. Kwenye miaka 14 hivi alikuwa mchukua-ngao: anatunza farasi, anamvalisha bwana nguo za chuma, anakata nyama mezani. Kwenye miaka 21 yeye mwenyewe aliweza kufanywa shevalie, yaani askari wa cheo anayepigana juu ya farasi. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alimchora kijana wa namna hiyo katika Hadithi za Canterbury: umri kama miaka 20, nguo zimepambwa maua, anaimba, anacheza, anaandika, na bado anamkatia baba yake nyama mezani. Baba yake ni shevalie. Kijana huyo anatumika, ndiyo, lakini njia yake inajulikana mwisho wake. Ni staji yenye tarehe.

Halafu tarehe ikapotea. Kufanywa shevalie kulikuwa na gharama kubwa, na wengi wakabaki wachukua-ngao mpaka kufa. Vita vikabadilika, ikaja bunduki, wakaja askari wa kulipwa. Ngao zikatundikwa ukutani. Katika Hispania ya karne ya 16, neno escudero likawa jina la mtu wa ukoo mdogo wa heshima, mwenye upanga kiunoni, asiye na mali ya kutosha, anayetafuta bwana wa kumtumikia. Cheo kilibaki, kazi ikaondoka.

Rudia ile sentensi ya mwisho polepole, weye mwenye diploma ndani ya kabati.

2. Bwana wa Toledo na kijiti cha meno

Mwaka 1554 kilitoka Hispania kitabu kidogo kisicho na jina la mwandishi, kinaitwa Lazarillo de Tormes. Mwaka ule ule kilichapwa katika miji kadhaa, kati yao Burgos, Alcalá na Antwerpen, ambayo leo iko Ubelgiji. Mwaka 1559 wakubwa wa dini wa Hispania wakakitia kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Ni habari za mtoto maskini anayepita kutoka bwana hadi bwana akitafuta chakula. Bwana wake wa tatu ni mchukua-ngao.

Lázaro anakutana naye barabarani Toledo. Bwana amevaa vizuri, amechana nywele, anatembea kwa utaratibu. Mtoto anafurahi: leo nimepata mtu! Wanapita sokoni asubuhi, bwana hanunui kitu. Mtoto anafikiri, labda chakula kiko tele nyumbani. Wanaingia kanisani. Wanafika nyumbani saa saba. Nyumba haina kiti, haina meza, haina hata sanduku. Bwana anaeleza kwamba yeye amekwisha kula asubuhi. Mtoto anatoa vipande vya mkate alivyoomba kwa watu, na bwana anauliza kama mkate ule umekandwa na mikono safi. Kisha anachukua kipande kikubwa kuliko vyote.

Kuanzia hapo mambo yanageuka. Mtumishi anaomba barabarani na kumlisha bwana wake. Siku moja mtoto anarudi na mguu wa ng'ombe uliopikwa. Bwana anauzungukia, anausifu, anasema harufu yake inamletea hamu ingawa ameshiba, mpaka mtoto anamkaribisha ili kumwondolea aibu. Na mahali panaponiuma kuliko pote: mchana bwana anasimama mlangoni na kijiti, anachokonoa meno ambayo hayakuona chakula, ili majirani wajue kwamba ndani watu wamekula.

Tusicheke haraka. Nani kati yetu hajasimama na kile kijiti? Ile suruali iliyopigwa pasi na mkaa wa kuazima. Ile picha unapiga mbele ya gari la mtu mwingine. Ile "niko busy kidogo" wakati uko kwenye kitanda tangu asubuhi. Mchukua-ngao wa Toledo anaeleza kwamba aliacha kijiji chake kwa sababu ya kofia: jirani mwenye cheo hakuwa anamtangulia kuvua kofia katika salamu. Anasema huko kwao ana viwanja vya nyumba, ambazo kama zingekuwa zimesimama zingekuwa na thamani ya zaidi ya maravedi 200,000. Na ana nyumba ya njiwa, ambayo kama isingebomoka ingempa zaidi ya njiwa 200 kila mwaka. Mali yake yote iko ndani ya neno moja: kama. Nasi tuko na kama zetu. Kama mugodi haingefunga. Kama yaya angekuwa bado kwenye kile kiti.

Lakini kasoro kubwa ya bwana huyu naiona penye wengi wanapita haraka. Kabla hajatoweka, anamweleza mtoto ni kazi gani anatamani: kupata mkubwa wa kumtumikia. Na anajisifu kwamba angeiweza. Angecheka kila utani wa mkubwa hata kama hauchekeshi. Asingemwambia kamwe neno la kumuudhi, hata kama ni kwa faida yake. Angewagombeza watumishi wengine pale tu mkubwa anaposikia. Angeleta habari za watu. Soma orodha ile, utaona mtu huyu anajua vizuri kwamba ni ubaya. Analalamika tu kwamba hajapata mahali pa kuufanyia.

Mwisho wake unajulikana. Wenye nyumba na wenye kitanda wanakuja kudai pesa. Yeye anasema kwa adabu nyingi kwamba anaenda kuvunja sarafu kubwa, warudi jioni. Anatoka na harudi tena. Katika ulimwengu huu ni kawaida mtumishi kumkimbia bwana; mtoto Lázaro mwenyewe anashangaa kwamba kwake yeye ni bwana ndiye aliyekimbia.

3. Mtu aliyeuliza bei

Miaka 51 baadaye, mwaka 1605, Cervantes anatoa sehemu ya kwanza ya Don Quijote. Ya pili inakuja 1615. Na mchukua-ngao wake si mtu wa ukoo. Sancho Panza ni mkulima, jirani wa Don Quijote, baba wa watoto, hajui kusoma. Don Quijote, ambaye vitabu vya mashujaa vimemgeuza akili, anamwahidi kisiwa: tufuatane, nitashinda ufalme, na weye utakuwa gavana. Sancho anaacha mke na watoto, anapanda punda, anafuata.

Mpumbavu, sivyo? Njo vile tulifundishwa. Lakini tusikilize kwanza Cervantes mwenyewe alitoka wapi. Alikuwa askari, katika vita vya Lepanto mwaka 1571 mkono wake wa kushoto uliharibika. Akashikwa na maharamia, akakaa mateka Algiers miaka mitano. Akarudi. Mwaka 1590 alimwandikia mfalme barua, akataja utumishi wake wote, akaomba kiti kimojawapo kilichokuwa wazi Amerika. Kati ya vile alivyotaja kulikuwa na ugavana wa jimbo la Soconusco, upande wa Guatemala. Jibu lililorudi: atafute kitu huku huku Hispania. Kwa hiyo mtu aliyeandika habari za mchukua-ngao anayengojea kisiwa, yeye mwenyewe aliwahi kungojea, akanyimwa. Simulizi la Sancho halikuandikwa na mtu aliyesimama pembeni kucheka wenye kungoja.

Katika sehemu ya pili, sura ya 7, kabla ya safari mpya, Sancho anakuja kwa bwana wake na neno moja. Teresa, mke wake, ameshamtia moyo: maneno yawekwe wazi. Sancho anataka mshahara wa kila mwezi, unaojulikana. Kisiwa kikija, sawa, wakate humo. Don Quijote anakataa. Sababu yake ni ya ajabu: amesoma vitabu vyote vya mashujaa, na hajaona popote mchukua-ngao anayelipwa kwa mwezi. Desturi haiko. Kama hutaki, kaa na Teresa wako, nitapata mwingine.

Na "mwingine" anajitokeza palepale. Unajua ni nani? Ni Sansón Carrasco, bashelie wa Salamanca! Kijana mwenye diploma anajitolea kubeba ngao bure. Ni kweli, Carrasco ana hila zake. Anataka kuingia kwenye mchezo ili amrudishe mgonjwa nyumbani. Lakini Sancho hajui hilo. Anachoona ni kimoja: msomi amesimama nyuma yake, tayari kuchukua nafasi yake kwa bei ya sufuri. Machozi yanamtoka, anafuta dai lake, anarudi kazini bila mshahara.

Hapa nilifunga kitabu nikatazama ngazi nilizokuwa nimekalia. Tulikuwa watu watatu pale, wote na diploma. Mukubwa hakuwa na haja ya kutulipa. Kila mmoja wetu alikuwa Carrasco wa mwenzake.

Sura ya 28 njo moyo wa maneno yangu. Sancho amepigwa fimbo na watu wa kijiji kimoja, na bwana wake amekimbia akamwacha. Mgongo unamuuma. Anarudia habari ya mshahara, na safari hii Don Quijote, kwa hasira, anamwambia ahesabu: unataka ngapi? Sancho anahesabu. Alipokuwa akimfanyia kazi ya shamba baba yake Carrasco, alipata dukati 2 kwa mwezi pamoja na chakula. Kazi ya mchukua-ngao ni ngumu zaidi, ju unalala chini na kupigwa; aongezewe reale 2. Halafu, kwa ile ahadi ya kisiwa ambayo haijatimizwa, aongezewe reale 6. Dukati moja ni reale 11. Jumla reale 30 kwa mwezi.

Umeona alichofanya? Mtu asiyejua kusoma ameiwekea ahadi bei. Reale 6 kwa mwezi, sehemu moja ya tano ya mshahara wote. Sisi Waswahili tunasema ahadi ni deni. Tunaisema kwenye harusi, tunaisema kanisani, na kila mtu anatikisa kichwa. Sancho hakutikisa kichwa. Alichukua methali ile akaipigia hesabu. Kama umeniahidi, na ahadi yako imenifanya niache kazi iliyokuwa ikinilipa, basi kila mwezi unaopita unanidai mimi siku zangu na mimi nakudai weye kitu. Na tena anataka deni lihesabiwe kuanzia siku ahadi ilipotamkwa. Anapoulizwa ni muda gani, anasema ni zaidi ya miaka 20! Don Quijote anacheka: haifiki hata miezi miwili. Lakini mimi sicheki. Mtu anayengojea, kalenda yake si ile ya anayengojewa.

Halafu? Halafu Don Quijote anamtukana, anamwita punda, na Sancho analia anaomba msamaha, anakubali kwamba kweli amepungukiwa mkia tu. Dai linakufa. Cervantes hakutuongopea kwamba kuhesabu vizuri kunatosha. Hesabu ilikuwa sahihi, na aliyeifanya alishindwa. Ila namba zimebaki kwenye karatasi tangu 1615, na nilizikuta mimi huku, nikiwa na sakoshi ya mtu magotini.

4. Kisiwa kilipofika

Wakosoaji wengi wanapenda sura za kisiwa, na wana haki. Mtemi mmoja na mke wake, waliosoma sehemu ya kwanza ya kitabu, wanaamua kujiburudisha: wanampa Sancho kijiji cha watu kama 1000, wanakiita kisiwa cha Barataria, na wengi pale wanajua ni mchezo, gavana hajui. Wanangoja achekeshe. Sancho anaamua kesi. Mzee mmoja anaapa kwamba amekwisha rudisha deni la sarafu 10 za dhahabu, na wakati wa kuapa anampa mdai fimbo yake amshikie. Sancho anaangalia, anafikiri, anaagiza fimbo ivunjwe. Sarafu 10 zinaanguka chini. Waliokuja kucheka wananyamaza.

Linganisha na wale waliopata kisiwa cha kweli. Kule Uingereza neno squire liliendelea kupanda, likawa jina la mwenye mashamba wa kijiji, ambaye mara nyingi ndiye pia hakimu wa mahali. Henry Fielding, katika Tom Jones ya mwaka 1749, anatuonyesha mmoja, Squire Western: anawinda, anakunywa, anapiga kelele, anamfungia binti yake Sophia chumbani ili akubali mume asiyempenda. Ana ardhi, ana sheria mkononi. Sancho katika siku kama 10 za ugavana wa uongo anaamua vizuri kuliko Western maisha yake yote. Kuna akili inayotoka chini ya mzigo.

Ningeweza kuishia hapa, na sote tungepiga makofi: mbeba-sakoshi oye! Lakini Cervantes ametuwekea mwiba, na sipendi kuuruka. Katika sura ya 51 Sancho anatunga sheria za kisiwa chake. Nyingi ni nzuri: anakataza watu kununua vyakula vyote ili kuviuza ghali, anashusha bei ya viatu. Kisha, katika orodha hiyo hiyo, kwa mstari mmoja unaopita haraka, anaweka mpaka kwenye mishahara ya watumishi, eti imepanda ovyo.

Sancho! Sancho wa reale 30! Amekaa kwenye kiti siku chache tu, na tayari mishahara ya watumishi imekuwa mikubwa mno. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Hakuna anayemkumbusha. Mwandishi hasemi kitu, anaendelea na sheria nyingine. Kwangu ni pigo kali kuliko vinu vyote vya upepo. Tunapenda kufikiri kwamba aliyeteseka chini ya mukubwa atakuwa mukubwa mwema. Wapi. Kiti kina usingizi wake, na jambo la kwanza linalosahaulika humo ni hesabu za jana.

Kinachomwokoa Sancho ni kuondoka. Njaa ambayo daktari wa kisiwa amemwekea, kila sahani ikiletwa inaondolewa mbele yake eti kwa afya yake, ile vita ya uongo ya usiku, yote yamemfikisha. Asubuhi anaenda kwenye zizi, anamkumbatia punda wake, anamwekea tandiko, anaaga. Wanamwuliza anataka nini cha safari. Anaomba shayiri kidogo ya punda, na nusu ya jibini na nusu ya mkate kwa ajili yake. Basi. Nimesoma habari za magavana wengi. Wa kutoka na nusu mkate ni huyu mmoja, na ni wa kutungwa.

5. Na upendo je?

Mtu ataniambia: weye umegeuza kitabu cha urafiki kuwa daftari ya mahesabu. Sancho alimpenda Don Quijote. Ni kweli kabisa. Kitandani pa kufa, akili imemrudia bwana, na ni Sancho anayemsihi asife, wainuke, waende mashambani wawe wachungaji. Hakuna reale hapo.

Lakini tazama wosia. Jambo la kwanza kabisa ambalo Don Quijote anaweka sawa ni pesa zilizo mikononi mwa Sancho: asidaiwe hesabu, na zikibaki ziwe zake. Mtu anayekufa akiwa na akili timamu anakumbuka deni lake kwa mtumishi kabla ya yote. Wazimu wake ulisema vitabu havina mshahara. Akili yake iliporudi, ikalipa. Kwa hiyo upendo na malipo havikugombana. Kilichoviharibu vyote viwili kwa kitabu kizima ni ahadi isiyo na tarehe, ju inamfanya anayependa aone aibu kuuliza, na inamfanya anayependwa asahau kwamba anakula siku za mtu.

Wala simfanyi Sancho malaika. Alipolipwa kweli, alidanganya: alikubaliana kujichapa fimbo 3,300 kwa robo ya reale kila moja ili Dulcinea aokolewe uchawi, akapiga hesabu kichwani bila kukosea, reale 825, halafu usiku akachapa miti huku analia kwa sauti. Mtu aliyefundishwa na ahadi za uongo, naye analipa kwa fimbo za uongo. Hilo pia tunalijua kwenye biro zetu.

6. Hesabu yangu

Mukubwa wangu alipata kiti. Nilisikia kwenye redio. Nilipiga telefoni mara nne. Mara ya tano mtu mwingine alijibu, akasema mukubwa yuko kwenye mkutano. Huyo mtu alikuwa na sauti ya kijana, yenye adabu, ya mtu aliyesoma. Carrasco wangu. Sikumkasirikia.

Sasa niko na sekreteria ndogo: mashine mbili za fotokopi, ordinatere moja, meza nje chini ya parasoli. Mwaka jana kijana mmoja aliyemaliza chuo alikuja kunisaidia. Mwezi wa kwanza nilimwambia kazi bado haijasimama. Mwezi wa pili nilimwambia tutaona. Mwezi wa tatu aliniuliza kwa heshima, "Yaya, na ile mambo yangu?" Na mdomo wangu, mdomo huu huu unaoandika hapa, ukajibu: "Vumilia."

Nililisikia neno lile likitoka. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilileta daftari, tukakaa wawili, nikamwambia tuhesabu tangu siku ya kwanza aliyoingia, si tangu siku ambayo mimi nilianza kupata faida. Tulipomaliza, namba ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri na ndogo kuliko aliyostahili. Ninamlipa kidogo kidogo; bado sijamaliza. Kwenye ukurasa ule niliandika tarehe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sikuulizi kama unabeba sakoshi. Tunabeba, njaa haina diploma. Nakuuliza mawili. Yule unayembebea, ahadi yake ina tarehe gani na bei gani, na nani mwingine aliisikia? Na yule anayekubebea weye, hata kama ni mdogo wako anayekuchotea maji wakati unasoma, ulimwambia nini mara ya mwisho alipokuuliza?